Binti yangu ana wiki 14, ananyonya tu, uzito umegoma kupanda. Naombeni ushauri

Mama Kichanga

Habari za jioni wapendwa. Naomba mnisome hadi mwisho, nimefika hapa nikiwa nimechoka kulia.

Nina binti, uzao wangu wa kwanza. Alizaliwa na kilo 2.9, njia ya kawaida, mimba ilitimia. Kliniki ya wiki 6 alikuwa na kilo 4.1, nesi akanisifia mbele ya wenzangu. Wiki 10 akawa na 4.4. Juzi tumeenda chanjo ya wiki 14, mizani ikasoma 4.6, na nukta kwenye kadi ikaangukia kwenye kijivu, sehemu ya uzito pungufu. Nesi akasema "mama, mnyonyeshe zaidi", akaandika tarehe ya kurudi. Foleni ilikuwa ndefu, nikatoka.

Nyumbani ndiko kwenye moto. Mama mkwe anaamini mtoto amebemendwa, yaani amedhoofishwa na mzazi kufanya tendo la ndoa wakati yeye bado ananyonya. Mimi hajaniambia, ila wifi yangu kaniambia waziwazi, na kaongeza kwamba aliyembemenda ni mmoja wetu, mimi au kaka yake. Mume wangu amenyamaza. Jirani anasema nianze uji mwepesi, dada yangu anasema maziwa ya kopo, mwingine anasema nimwangalie kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni.

Mtoto mwenyewe anacheka, anafuata sauti, hana homa, haharishi, hatapiki. Ila mikono na mapaja hayana nyama. Matiti yangu hayajai tena kama mwanzo, na maziwa nikikamua naona mepesi, meupe ya kuelekea bluu. Wiki ijayo narudi kazini, nilikuwa nimeunganisha likizo ya uzazi na ya mwaka. Nifanye nini?

Mama wa Watatu

Pole sana mdogo wangu. Wa kwangu wa pili alikuwa hivyo hivyo, nikampa uji mwepesi wa mahindi akiwa na miezi mitatu, akanenepa. Usiogope maneno ya hospitali, sisi tumelelewa hivyo hivyo na tupo.

Shangazi wa Handeni

Mwangalie koo. Akikohoa kidogo wakati wa kunyonya, hicho ni kimeo, kinamzuia kumeza. Huku kwetu kuna mzee anakata, dakika moja tu. Na ufizi uangalie, kama una vidoti vyeupe ni meno ya plastiki, hayo yanang'olewa.

Baba Wawili

Dada, mwonyeshe mumeo huu ujumbe. Shemeji, mimi nimepita hapo ulipo. Mtoto wetu wa kwanza alikonda, mama yangu mzazi akatamka hilo neno, nami nikanyamaza kwa sababu sikutaka kumkosea mama adabu. Mke wangu alikuwa peke yake ndani ya nyumba yenye watu saba. Hakuna mwanamke anayenyonyesha vizuri akiwa anashtakiwa. Zungumza na mama yako wewe mwenyewe, leo, usimwachie mkeo.

Nesi Mstaafu

Mama Kichanga, pole kwa uchovu na pole zaidi kwa maneno. Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto mpaka nilipostaafu. Watoto wa aina ya binti yako walinishughulisha kuliko wengine wote, kwa sababu mara nyingi dawa yao iko kwa mama mwenyewe, na mara nyingi kuna mtu njiani anayetaka kuwapeleka pengine.

Kwanza hilo la Shangazi, maana lina hatari ya haraka. Shangazi, nakuheshimu, lakini naomba mtu yeyote asimpeleke mtoto huyu kukatwa kimeo wala kung'olewa meno. Kimeo ni kiungo cha kawaida, kila mmoja wetu anacho, na hakimzuii mtoto kumeza. Hivyo vidoti vyeupe kwenye ufizi ama ni vifuko vidogo vinavyotoweka vyenyewe, ama ni meno yake halisi ambayo hayajatoka. Nimepokea watoto waliotoka kwa hao wazee wakiwa wanavuja damu, wengine na maambukizi yaliyoingia kwenye damu. Mtoto mwenye kilo 4.6 hana damu ya kupoteza, na kisu hicho hicho kimetoka kwa mtoto mwingine.

Sasa namba zako. Kutoka 2.9 hadi 4.1 kwa wiki 6 ni gramu 1,200, yaani kama gramu 29 kwa siku. Katika miezi mitatu ya mwanzo tunategemea mtoto aongeze gramu 20 hadi 30 kwa siku, kwa hiyo binti yako alikuwa anakwenda vizuri sana. Wiki ya 6 hadi ya 10 ameongeza gramu 300, ni kama 11 kwa siku. Wiki ya 10 hadi ya 14 gramu 200, ni kama 7 kwa siku. Wapo watoto wenye maumbo madogo, wanaotembea kwenye mstari wa chini wa kadi, na hao hawanisumbui, kwa sababu mstari wao unapanda sambamba na mingine. Wako alikuwa anapanda, kisha akalala. Kuna kitu kilibadilika karibu na arobaini, na hicho ndicho tukitafute kabla hujamtia kitu kingine chochote mdomoni.

Nijibu haya bila kuona aibu. Ananyonya mara ngapi kwa usiku na mchana? Usiku analala muda gani bila kunyonya? Kuna kitu kingine anapewa, hata maji ya kijiko? Nepi ngapi zinalowa kwa siku? Chuchu zinauma au zimechanika? Na je, umeanza njia yoyote ya uzazi wa mpango?

Wakati unajibu, jua dalili ambazo hazingoji jibu la mtu mtandaoni. Akikataa kunyonya, akiwa mlegevu na mgumu kuamka, akipata homa au mwili ukawa wa baridi, akipumua haraka au mbavu zikiingia ndani, utosi ukibonyea, miguu ikivimba, au akitoka jasho na kuchoka kila anaponyonya, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mama Kichanga

Asante mama, nimesoma mara mbili.

Baada ya kujifungua nilikaa kwa mama yangu Tanga hadi arobaini. Kule kazi yangu ilikuwa kulala na mtoto na kunyonyesha, napikiwa supu ya samaki na uji wa pilipili manga. Arobaini ilipoisha nikarudi kwangu Mbagala, na kazi za nyumba zikanirudia.

Mchana ananyonya kama mara tano, sita. Usiku ni mpole, analala saa 3 usiku mpaka saa 11 alfajiri, na kila mtu ananiambia nina bahati. Akilia mchana tunampa chuchu ya plastiki, anatulia. Maji ya kijiko ndiyo, kwa sababu ya joto la Dar na kwikwi, pamoja na dawa ya tumbo ya watoto. Pampasi nabadilisha nne kwa siku, hazijai sana. Chuchu haziumi.

Vidonge vya majira ndiyo. Nilinunua duka la dawa nilipofika Mbagala, maana nilitoka kliniki bila kuelewa nichague nini.

Nesi Mstaafu

Umejibu vizuri mno, na mengi ya jibu lako yanarekebishika.

Naanza na vidonge, maana wengi hawaviulizi. Vipo vya aina mbili. Vingine vina homoni moja, projestini, na hivyo havina shida kwa anayenyonyesha. Vingine vina mbili, projestini na estrojeni, na estrojeni inaweza kupunguza maziwa. Shirika la Afya Duniani halishauri vyenye estrojeni kwa mama anayenyonyesha hadi mtoto afikishe miezi 6. Chukua pakiti yako kesho, nenda nayo zahanati, waulize ni ya aina gani. Kama ina estrojeni, watakubadilishia: kuna vidonge vya homoni moja, sindano, kijiti, kitanzi. Usiache tu ukabaki wazi. Mtumie kondomu mpaka upate njia nyingine, kwa sababu mimba mpya sasa hivi ndiyo itakayopunguza maziwa kwelikweli.

La pili ni usiku. Prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku mtoto anaponyonya. Muda wa saa nane bila kunyonya kwa mtoto aliyesimama uzito ni mrefu mno. Watoto wengine ambao hawashibi hawalii, wanalala ili kutunza nguvu, na watu wanawaita wapole. Mwamshe. Akifika saa 5 usiku mnyonyeshe, saa 8 mnyonyeshe, saa 11 mnyonyeshe. Mvue nguo abaki na nepi, msugue nyayo, mbadilishe nepi katikati ya kunyonya, ataamka.

Hesabu ya siku nzima isiwe chini ya mara 8, na kwa wiki hizi mbili ifike 10 au 12. Titi ni kama kisima cha kijijini: kikichotwa mara kwa mara maji yanakuja, kikiachwa yanasimama. Maziwa yakikaa ndani ya titi muda mrefu, mwili unapokea habari kwamba hayahitajiki na unapunguza kutengeneza. Kwa hiyo kile kilio mnachokizima kwa chuchu ya plastiki ndiyo oda yake ya maziwa ya kesho. Hiyo chuchu iwekeni mbali.

Na maji yaondoe, hata kijiko. Maziwa ya mama zaidi ya asilimia 80 ni maji. Mtoto wa Dar katika joto la Januari anatosheka nayo. Tumbo lake ni dogo, akijazwa maji au dawa ya tumbo, hiyo nafasi ilikuwa ya maziwa. Kwikwi itaisha yenyewe, au mpe titi.

Sasa namna ya kushika titi, hata kama chuchu haziumi. Kaa ukiegemea, mtoto tumbo lake ligusane na tumbo lako, kichwa na mwili viwe kwenye mstari mmoja, usimfanye ageuze shingo. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, subiri afungue mdomo kama anayepiga mwayo, ndipo umlete yeye kwenye titi, wewe usiiname. Akishashika vizuri kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umepinduka nje, na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu kuliko chini. Mashavu hayabonyei ndani. Sikiliza: anavuta, anavuta, anameza. Ukisikia mvuto mwingi bila kumeza, amegeuza titi kuwa kitulizo. Hapo libane titi taratibu kwa mkono, vidole mbali na chuchu, shikilia akiwa anavuta, achia akipumzika. Utasikia kumeza kumeanza tena.

Titi la kwanza alimalize mwenyewe, ndipo umpe la pili. Hayo maziwa mepesi ya bluu uliyoyaona hayajaharibika, ni ya mwanzo. Yanayofuata yana mafuta mengi, na ndiyo yanayotia nyama kwenye mapaja. Mama anayehamisha mtoto haraka kutoka titi moja kwenda jingine anampa ya mwanzo ya pande zote mbili, mtoto anajaa gesi, analia, na watu wanasema ni chango.

Matiti kutojaa kwa wiki ya 14 ni kawaida, usipime maziwa kwa ugumu wa titi. Pima kwa mkojo: nepi sita au zaidi zilizolowa vizuri kwa saa 24. Na kwa mizani.

Mambo haya yaanze leo usiku. Kesho pakiti na mtoto viende kliniki, na mwombe daktari amchunguze kikamilifu. Aangalie mdomo kama kuna utando mweupe, aangalie kama ulimi umeshikwa kwa chini, asikilize moyo, apime damu na mkojo. Uzito usiopanda wakati mwingine ni maambukizi ya njia ya mkojo yasiyo na homa, wakati mwingine ni moyo, wakati mwingine ni kifua kikuu ndani ya nyumba. Na kama hujapima VVU tangu ujifungue, pima. Mama mwenye VVU anayetumia dawa zake vizuri ananyonyesha, na mtoto wake anapewa kinga.

Mama wa Watatu

Sasa nesi, na akifanya yote hayo maziwa yasitoshe? Tusiwafiche watu, wapo ambao hawatoshelezi.

Nesi Mstaafu

Wapo, na sitaki mama yeyote aone aibu kwa hilo. Kuna waliobakiwa na kipande cha kondo, wenye matatizo ya tezi ya shingo, waliofanyiwa upasuaji wa matiti, waliopoteza damu nyingi sana wakati wa kujifungua. Ndiyo maana tunapima tena baada ya wiki moja. Uzito usiposogea, kinachoongezwa kwanza ni maziwa yake mwenyewe aliyoyakamua baada ya kunyonyesha, anapewa kwa kikombe kidogo. Yasipotosha, maziwa ya kopo ya watoto yanaongezwa kwa kiasi anachopanga daktari, huku kunyonyesha kukiendelea. Maji yake yachemshwe, kipimo cha kopo kifuatwe; wanaoyazimua ili kopo lifike mwisho wa mwezi wanamshindisha mtoto njaa bila kujua. Na mtoto akiwa amekonda sana analazwa. Wodini wapo wauguzi wanaopitisha mrija mwembamba kando ya chuchu, mtoto avute titi huku maziwa ya nyongeza yakiingia, na maziwa ya mama yanarudi. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Uji wa miezi mitatu ndio sikubaliani nao, dada. Uji mwepesi umejaa maji, nguvu yake ni ndogo kuliko ya maziwa uliyoyafukuza tumboni. Mtoto anaweza kuonekana amejaa tumbo tu. Maziwa ya ng'ombe nayo siyo ya umri huu, na asali hapana kabisa kabla ya mwaka mmoja, ina vijidudu vinavyoweza kumlemaza mtoto.

Mama wa Watatu

Nimekuelewa. Naomba na hilo la kubemenda ulisemee, maana ndilo linalovunja nyumba za watu.

Nesi Mstaafu

Nalisemea kwa heshima, kwa sababu mama mkwe huyu anaogopa kumpoteza mjukuu, na hofu yake ni ya kweli.

Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mbegu za mwanamume haziingii kwenye maziwa, wala joto la mwili halimwingii mtoto likamdhoofisha. Mume akitoka nje ya ndoa ni kosa kwa mkewe, na anaweza kuleta magonjwa ndani, lakini hawezi kumkondesha mtoto kwa kumbeba tu.

Wazee waliona kitu lakini. Waliona kwamba mama akishika mimba mapema, maziwa yalipungua, mtoto akaachishwa ghafla, akapewa uji mtupu, akadhoofu, akafa. Hakukuwa na vidonge wala vijiti. Katazo lao lilikuwa uzazi wa mpango wa wakati wao. Leo hatuna sababu ya kuligeuza kuwa kesi. Ubaya wake mkubwa ni huu: mama anayeogopa kuambiwa amembemenda mtoto anaacha kwenda kliniki, ili watu wasione mizani. Nimewaona wanakuja mtoto ameshavimba miguu.

Mama Kichanga, nenda kliniki na mama mkwe wako. Usimwache nyumbani. Mwache ashike mtoto wakati wa kupimwa, daktari aeleze yeye akiwepo. Halafu mpe kazi: awe ndiye anayekuletea mtoto usiku. Bibi akishiriki, huwa hana tena muda wa kutafuta mchawi.

Lishe Moro

Naongezea upande wa mama, mimi ni afisa lishe. Mama anayenyonyesha anahitaji nguvu zaidi ya kawaida, kama kilokalori 500 kwa siku. Ni sawa na kuongeza mlo mmoja wa kawaida wenye staha. Uji wa ulezi wenye karanga, ugali na dagaa, maharage na mchicha wenye nazi, mayai, ndizi, parachichi. Mtori na supu ya pweza ni vyakula vizuri, vinampa mama maji na nguvu na vinamfanya atulie, lakini bila mtoto kuvuta havileti maziwa. Mlonge hivyo hivyo, tumia kama mboga. Kunywa kila unaposikia kiu, weka glasi pale unaponyonyeshea. Na epuka karanga na mahindi yenye ukungu au uchungu. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, si jambo la kupuuzia kwenye chakula cha mzazi wala cha mtoto.

Bint Pwani

Salamu kutoka Mombasa. Wangu walikuwa pacha, walizaliwa kabla ya wakati, mmoja akiwa na kilo 1.8. Kilichowasaidia ni kuwabeba kifuani ngozi kwa ngozi, nguo zikija juu yetu sote. Mtoto akiwa pale anasikia harufu ya maziwa, anajitafutia mwenyewe, na hatumii nguvu zake kupambana na baridi. Daktari alinieleza kwamba njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ikiwa haina mashine za kutosha. Hata mtoto mkubwa kama wako jaribu, dadangu, saa moja jioni baada ya kuoga. Na kile kijitabu cha mama na mtoto usikiache nyumbani hata siku moja.

Kazini wanakuruhusu kukamua? Sisi Kenya sheria ya afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba.

Mama Kichanga

Sijui hata niombeje. Ofisi yetu ni ndogo, hakuna chumba.

Mwanasheria Kijana

Dada, Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kwenda kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi kwa hadi saa mbili kwa siku. Hiyo ni haki, hauombi hisani. Andika barua fupi kwa mwajiri kabla ya kurudi, eleza utazitumia vipi: wengine wanaingia saa moja baadaye na kutoka saa moja mapema, wengine wanazikata katikati ya siku. Ambatanisha nakala ya ukurasa wa kadi unaoonyesha uzito. Waajiri wengi wanakataa kwa sababu hawajawahi kuonyeshwa.

Nesi Mstaafu

Mwanasheria, umenifurahisha. Ongea na ofisi Mama Kichanga, chumba chochote chenye mlango na kitasa kinatosha.

Kukamua kwa mkono ni hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Kikombe chenye mdomo mpana, kilichooshwa na kumwagiwa maji ya moto. Kanda titi kwa kitambaa cha uvuguvugu, lisugue taratibu. Kidole gumba juu, cha shahada chini, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana, achia, bana, achia. Usivute chuchu. Mara ya kwanza utapata matone, usikate tamaa. Kila saa tatu ukiwa kazini.

Katika chumba cha nyuzi joto 25 au chini maziwa yanakaa saa 4. Dar hakuna nyuzi 25 mchana, kwa hiyo beba chombo chenye barafu au tumia friji ya ofisi, ndani ya friji yanakaa siku 4. Kuyapasha, weka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto, usiyachemshe. Mtoto apewe kwa kikombe, anayalamba na kunywa mwenyewe. Chupa ni ngumu kusafisha na inamzoesha mvuto mwingine.

Mama Kichanga (siku iliyofuata)

Nimerudi kutoka kituo cha afya, mama mkwe tulikwenda naye. Vidonge vilikuwa vya homoni mbili. Wamenibadilishia, nimewekewa kijiti. Mtoto kapimwa damu, mkojo, moyo umesikilizwa, vyote safi. Ulimi uko sawa. Mdomoni kulikuwa na utando kidogo, kapewa dawa ya matone. Daktari alimweleza mama kwa utulivu sana, akamchorea mistari ya kadi. Njiani mama hakusema neno, tulipofika akachukua ile chuchu ya plastiki akaitupa.

Baba Wawili

Na shemeji?

Mama Kichanga

Jana alisoma ujumbe wako. Ameongea na mama yake wao wawili, sikuwepo. Usiku saa 8 yeye ndiye aliyeniamsha.

Mama Kichanga (wiki moja baadaye)

Kilo 4.8. Pampasi sasa sita, saba, nzito. Mwanzo alikuwa analia muda wote anataka titi, siku mbili za kwanza nilidhani nimeharibu. Bado nakamua kidogo tu, kama nusu kikombe cha kahawa kwa pande zote mbili.

Nesi Mstaafu

Gramu 200 kwa wiki moja, ndizo hizo alizokuwa akizipata kwa wiki nne. Kulia kutaka titi ni nguvu imerudi, mpe. Nusu kikombe usikidharau, mtoto anavuta vizuri kuliko mkono wako. Jambo moja: pima kwenye mizani ile ile, mtoto akiwa na nguo zile zile au bila nguo. Mizani za kuning'inia zinasoma kwa hatua ya gramu 100, na pampasi iliyojaa inaweza kukudanganya wiki nzima.

Mama Kichanga (wiki nne tangu kadi ya kijivu)

Wapendwa, leo kilo 5.4. Nukta imetoka kwenye kijivu. Ofisi wamekubali saa mbili, natoka saa 8 mchana. Stoo ya vifaa imewekewa kiti na kitasa, na mwenzangu mmoja mjamzito ameshauliza kama ataitumia pia.

Nesi Mstaafu

Gramu 800 kwa wiki nne! Alhamdulillahi. Hapo ni karibu 29 kwa siku, amerudi kwenye mwendo wake wa kwanza. Sasa mpime kila wiki mbili mpaka miezi 6, usiongeze kitu. Kuanzia mwezi wa nne kasi itapungua kidogo, gramu 100 hadi 140 kwa wiki, usishtuke. Usiku endelea kumwamsha mpaka nukta mbili zifuatazo zipande, kisha mwache apange mwenyewe.

Mgeni wa Uzi

Samahani kuingilia. Mimi wangu ana miezi 7, ananyonya na anakula uji wa lishe wa nafaka saba mara mbili, uzito umesimama mwezi wa pili. Tatizo linaweza kuwa nini?

Lishe Moro

Hapo ningeangalia uji kabla ya titi. Mchanganyiko wa nafaka saba unasikika vizuri, lakini mahindi, mtama, ulezi, mchele na ngano zote zinafanya kazi moja, na vyakula vyote vikisagwa pamoja huwezi kujua kipi kinamsumbua tumbo. Karanga na soya zikikaa kwenye unga kwa wiki kadhaa zinachacha. Tumia nafaka moja au mbili. Uji uwe mzito, ukiinamisha kijiko usimwagike haraka. Ukishaiva, ndani ya bakuli la mtoto ongeza kijiko kidogo cha mafuta au karanga zilizosagwa siku ile, au yai lililopikwa kabisa, au dagaa waliosagwa laini. Jioni mpe ugali au viazi vilivyopondwa na maharage yaliyochujwa ganda, au parachichi. Umri wake anakula mara 2 hadi 3, na katikati kitafunwa kama ndizi iliyopondwa, na ananyonya kama kawaida mchana na usiku. Mwambie nesi ampime mzunguko wa mkono wa juu: ukiwa chini ya sentimita 12.5 anahitaji matibabu ya lishe, chini ya 11.5 ni dharura. Andika hapa uzito wake wa kuzaliwa na wa miezi mitatu iliyopita, na uji huo unaupika kwa maji kiasi gani, tuuangalie pamoja.